Mkono Ulioandika

Kabatini kwangu kuna kaunta buku jeusi ambalo kingo zake zimelika kwa kubebwa kwapani miaka saba. Ni la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na miaka hiyo yote katibu nilikuwa mimi. Kuna ukurasa mmoja ambao nikilishika tu daftari linafunguka hapo lenyewe. Mwandiko ni wangu, wino wa bluu, mistari imenyooka: kikao kimeazimia kwamba dhamana ya mwanachama aliyekosa marejesho mawili ichukuliwe leo.

Dhamana ilikuwa cherehani. Mwanachama alikuwa mama mjane, na mtoto wake alikuwa amelazwa wiki ya pili. Na kusema kweli kikao hakikuazimia lolote. Mwenyekiti wetu, mzee niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, alikuwa amenong'onezwa asubuhi ile kwamba yule mama anamsema vibaya sokoni. Akasimama, akatoa amri huku sauti ikimtetemeka kwa hasira, na watu ishirini na wanne tukaangalia miguu yetu. Mimi nikaandika. Jua halijazama, vijana wawili wakapita na cherehani begani, mkanda wake ukining'inia.

Somo wangu ni Mtakatifu Ambrosi. Nilizaliwa mapema Desemba, baba akachukua jina la mtakatifu wa tarehe 7 bila kuuliza alikuwa nani, na mimi nami sikuuliza mpaka nilipovuka miaka arobaini. Nilipouliza, nikakutana na barua moja ambayo haijaniacha tangu hapo.

Iliandikwa mwaka 390, kaskazini mwa Italia. Aliyeandika ni Ambrosi, askofu wa Milano. Aliyeandikiwa ni Kaisari Theodosius, mwanajeshi wa Kihispania aliyekuwa na nguvu kuliko mtu yeyote katika dola la Kirumi wakati ule. Nikueleze kwanza kilichotangulia.

Katika mji wa Thesalonike, ule ule ambao Wakristo wake Paulo aliwaandikia nyaraka mbili, kulikuwa na kamanda Mgothi aitwaye Butheric. Huyu alimtia ndani mwendesha magari ya farasi ya mashindano, kipenzi cha mji mzima, kwa kosa la kumtaka mnyweshaji wake. Siku ya mashindano makubwa ilipokaribia, watu wakadai mtu wao aachiwe. Butheric akakataa. Ghasia zikalipuka, na kamanda akauawa. Habari zilipomfikia Kaisari Milano, akawaka. Amri ya kuuadhibu mji ikatoka. Baadaye moyo ukamrudi, akatuma amri nyingine ya kuifuta ile ya kwanza, lakini ya kwanza ilikuwa imeshafika, na maji yakimwagika hayazoleki. Askari waliwaangukia watu wa mji bila kuchagua mwenye kosa na asiye nalo. Theodoret, mwanahistoria wa Kanisa aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anataja waliouawa kuwa 7,000.

Mwenzake, Sozomen, anasimulia habari ya mfanyabiashara mmoja. Wanawe wawili walikamatwa. Akawaangukia askari, akawaahidi dhahabu yote aliyokuwa nayo, akaomba auawe yeye badala yao. Askari wakamwonea huruma kwa namna yao: wawili hatuwezi, maana tumepewa idadi ya kutimiza, lakini chagua mmoja. Yule baba akamtazama huyu, akamtazama yule, akilia, akashindwa kuchagua. Wakawaua wote wawili. Ile 7,000 akili yangu haiwezi kuibeba, lakini baba huyu naweza kumwona, macho yake yakienda huku na huku.

Kaisari alipokuwa njiani kurudi Milano, Ambrosi aliondoka mjini, akitaja maradhi. Hakutaka kukutana naye mbele ya watu. Huko alikokwenda akachukua kalamu. Wakubwa wa zama zile walikuwa na waandishi, wao husema tu, mwingine akaandika. Lakini barua hii Ambrosi anasema ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, ili aisome Theodosius peke yake. Hakuna nakala iliyobandikwa mlangoni wala iliyosomwa kanisani.

Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naijua mapigo yake. Haianzi na lawama. Inaanza na urafiki wao wa zamani. Kisha inagusa jambo ambalo lilinifanya niifunge na kutoka nje kidogo. Ambrosi anamwambia Kaisari: una bidii ya imani, una hofu ya Mungu, lakini una ukali wa kuzaliwa nao. Mtu akiutuliza, unageuka upesi kuwa huruma. Mtu akiuchochea, unapanda hata wewe mwenyewe huwezi kuuzuia. Na anaongeza kwamba kama hakuna wa kuutuliza, basi heri asiwepo na wa kuuchochea.

Nilimkumbuka aliyemnong'oneza mwenyekiti, na nikawakumbuka watu ishirini na wanne ambao hatukutuliza.

Baada ya hapo barua inamleta mfalme Daudi, ambaye nabii Nathani alimwambia usoni kwamba mtu yule dhalimu wa kwenye mfano ni yeye, na Daudi akakiri. Ambrosi anamwambia Theodosius kwamba yeye ni mwanadamu, jaribu limemjia, alishinde. Na kwamba dhambi haiondolewi ila kwa machozi na toba. Na mwisho linakuja neno lenyewe: sithubutu kutoa sadaka ya misa ukiwepo. Lisiloruhusiwa kwa damu ya mtu mmoja asiye na hatia, litaruhusiwa kwa damu ya wengi?

Theodosius alitii. Alivua mavazi na mapambo ya ufalme, akaingia kanisani pamoja na wenye kutubu, akalia mbele ya watu. Krismasi ya mwaka ule akapokewa tena.

Wachoraji wameipenda hadithi nyingine. Rubens aliichora, na Van Dyck baada yake: askofu amesimama mlangoni pa kanisa na mavazi yake ya dhahabu, mkono ameunyoosha, anamzuia Kaisari aliyezungukwa na askari. Picha ni nzuri mno. Inatoka kwa Theodoret, na wanahistoria wengi wa leo hawaamini kwamba mambo yalikwenda hivyo. Mimi nashukuru kwamba hayakwenda hivyo. Mtu mwenye jeshi akizuiwa mlangoni mbele ya walinzi wake, atafanya nini na aibu ile? Kwetu mlimani mkubwa haonywi barazani. Unamfuata kwake jioni, unakaa kwenye kigoda, mnazungumza habari za mvua na ndizi, halafu unasema. Barua ya Ambrosi ilikuwa kile kigoda. Ilimpa Kaisari nafasi ya kugeuka bila mtu kumtazama akigeuka, na alipokwenda kulia hadharani alikwenda kwa miguu yake.

Lakini ujasiri ule ulitoka wapi? Nilidhani utatoka kwenye sala peke yake. Kumbe mizizi mingine ilikuwa Roma, tena Roma ya kabla ya Kristo.

Ambrosi alikuwa mtoto wa serikali. Baba yake alishika cheo cha juu kabisa katika utawala wa Gallia, nchi ya Ufaransa ya leo, na yeye mwenyewe alikuwa gavana wa majimbo ya Liguria na Emilia, makao yake Milano. Mwaka 374 askofu wa mji akafa, na Wakristo waliogawanyika juu ya mafundisho ya Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana hayuko sawa na Baba, wakawa karibu kupigana kanisani. Gavana akaenda kutuliza. Wakati anahutubia, mwandishi wa maisha yake, Paulino, anasema sauti ya mtoto ilipaa: Ambrosi askofu! Na watu wote wakaidaka. Yeye alikuwa bado hajabatizwa. Alijaribu kila njia kukwepa, hata akatoroka usiku kuelekea Pavia, na kulipokucha akajikuta yuko kwenye lango la Milano lile lile. Akabatizwa, na siku chache baadaye akawekwa wakfu kuwa askofu. Kwa kadiri mapokeo yanavyohesabu, ilikuwa tarehe 7 Desemba.

Mtu huyu alisomeshwa tangu utotoni maandishi ya Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma ya kale. Alipokuwa askofu aliwaandikia mapadre wake kitabu juu ya wajibu, na mifupa ya kitabu kile aliichukua wazi kwa Cicero, ambaye mwaka 44 KK, miezi michache baada ya Julius Caesar kuchomwa visu, alimwandikia mwanawe Marcus, aliyekuwa masomoni Athens, kitabu juu ya wajibu. Katika kitabu hicho Cicero anasema dhuluma ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya anayetenda. Ya pili ni ya yule anayeweza kumkinga mwenzake asidhulumiwe na asimkinge. Miaka zaidi ya 400 baadaye Ambrosi analirudia neno hilo kwa ukali zaidi: asiyemwondolea mwenzake dhuluma hali anaweza, ana kosa sawa na anayeitenda. Hapo ndipo ninaposhindwa kutofautisha Mrumi na Mkristo. Mmoja alilisema kama raia wa jamhuri iliyokuwa inakufa, mwingine akalichukua akalipeleka altareni, na neno ni lile lile.

Cicero alilipia maneno yake. Aliandika hotuba kali dhidi ya Antonius, aliyekuwa mshirika wa Julius Caesar, na Antonius alipopata nguvu akatuma watu. Walimkata kichwa na mkono, wakavitundika Roma kwenye jukwaa lile lile alilokuwa akihutubia, kwa sababu mkono ule ndio ulioandika. Ilikuwa tarehe 7 Desemba, mwaka 43 KK. Sijengi nadharia yoyote juu ya tarehe kugongana. Nasema tu kwamba tangu nilipojua, siku ya somo wangu siwezi kula pilau bila kuuona mkono ule.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa kuliruka, na siwezi, kwa sababu bila hilo nitakuwa namwongopea msomaji juu ya tabia ya mtu huyu.

Mwaka 388, miaka miwili kabla ya Thesalonike, Wakristo wa Kalinikum, mji wa mpakani kando ya mto Frati, ambao leo ni Raqqa huko Siria, walichoma sinagogi la Wayahudi kwa kuchochewa na askofu wao. Theodosius akatoa hukumu ambayo mtu yeyote mwenye haki angeitoa: waliochoma waadhibiwe, na askofu alijenge upya sinagogi. Ambrosi akapinga. Aliandika barua, na safari hiyo hakutosheka na barua. Kaisari alipokuja kanisani Milano, Ambrosi alihubiri akimlenga yeye, kisha akashuka na kusimama mbele yake. Tunayajua mazungumzo kwa sababu mwenyewe alimwandikia dada yake, Marselina. Kaisari akamwambia: umehubiri juu yangu. Akajibu: nimehubiri kwa faida yako. Kaisari akakiri kwamba amri juu ya sinagogi ilikuwa ngumu mno, na akasema imeshalegezwa. Jemadari Timasius akadakia kwa ukali juu ya watawa, waliohusishwa na vurugu zile. Ambrosi akabaki amesimama, hakwenda altareni. Akamwambia Kaisari: nifanye nikutolee sadaka bila wasiwasi moyoni. Kaisari, ameketi, akaitikia kwa kichwa, bila kuahidi waziwazi. Ambrosi hakusogea. Akadai uchunguzi wote ufutwe. Kaisari akaahidi. Ndipo Ambrosi akapanda altareni.

Wayahudi wa Kalinikum wakabaki bila haki. Watu waliochomewa nyumba yao ya sala walikuwa na Kaisari upande wao, na askofu akamwondoa.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu. Ujasiri ni ule ule, mtu ni yule yule, hata njia ni ile ile ya kuizuia misa. Mara ya kwanza aliutumia kuwalinda watu wa kwake waliokosa. Mara ya pili aliutumia kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote naye, waliokwisha kufa, wasioweza hata kumshukuru. Na kitabu chake mwenyewe cha wajibu kilikuwa kinamhukumu: asiyemwondolea mwenzake dhuluma hali anaweza. Tunawafundisha vijana wetu kwamba kiongozi awe na msimamo. Ambrosi alikuwa na msimamo siku zote mbili. Kilichokosekana siku ya kwanza ni kumwona Myahudi wa Kalinikum kuwa ndiye “mwenzake”. Silisemi hili kumshusha somo wangu. Nalisema kwa sababu mimi nami, nikijiuliza kwa nini nilinyamaza siku ya cherehani, sipati jibu kwamba nilikuwa mwoga tu. Mwenyekiti alikuwa wa ukoo wetu. Yule mama alikuwa ameolewa kijijini, wa kutoka mbali, na mumewe hayupo tena. Angekuwa shangazi yangu, kalamu ingesimama.

Na katika mambo ya mali Ambrosi alikuwa na moyo ambao vikundi vyetu vingeuhitaji. Baada ya jeshi la Roma kushindwa vibaya na Wagothi huko Adrianopoli mwaka 378, mateka walikuwa wengi, na yeye aliyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili kuwakomboa. Wapinzani wake wakamshambulia kwa hilo. Akajibu kwamba dhahabu Kanisa halina kwa ajili ya kuitunza, bali kuitoa kwa wenye shida. Sisi tulibeba cherehani ya mjane ili mfuko usipungue. Iliuzwa kwa mtu wa kijiji cha pili, na fedha niliziingiza mimi, kwenye safu ya mapato, kwa mwandiko mzuri.

Kwenye mkusanyo wa sheria za Kirumi unaobeba jina la familia ile kuna sheria ya Theodosius inayosema kwamba Kaisari akitoa adhabu kali kupita kawaida, isitekelezwe mpaka zipite siku 30. Waandishi wa Kanisa waliihusisha na Thesalonike. Siku 30 tu za kuiacha hasira ipoe! Yule baba wa wana wawili angekuwa na siku 30. Sisi hatukuwa hata na mchana mmoja.

Miezi kama mitatu baada ya kikao kile nilikutana na mwenyekiti njiani, anatoka kukatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, “Shikamoo Mzee.” Akaitika, akatua mzigo, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, bila kunitazama, “Katibu, siku ile ya yule mama, nilikuwa na hasira.”

Najua sasa ule ulikuwa mlango. Mzee wa miaka sabini na mbili alikuwa amenifungulia mwenyewe, njiani, hakuna mtu. Hata barua haikuhitajika. Nikamjibu, “Yameshapita hayo, Mzee.” Nikamsaidia kujitwika, akaenda.

Theodosius alifia Milano tarehe 17 Januari 395. Siku ya arobaini Ambrosi akasimama kumhubiria marehemu, mtoto wake Honorius akiwa hapo. Katika hotuba ile alisema kwamba alimpenda mtu huyu aliyempenda zaidi mwenye kumkemea kuliko mwenye kumsifu. Alisema Kaisari alilia dhambi yake kanisani mbele ya watu, na kwamba tangu hapo haikupita siku asilihuzunikie kosa lile. Nadhani hakuna sifa kubwa zaidi iliyowahi kutolewa juu ya jeneza la mtawala. Na Ambrosi aliweza kuitoa kwa sababu moja, kwamba aliwahi kumkemea na akaona kilichofuata.

Mwenyekiti wetu alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua za masika. Familia ikaniomba mimi niandike na kusoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu. Nikaandika alipozaliwa, alikosoma, miaka aliyokuwa balozi wa nyumba kumi, watoto wa watu aliowalipia ada, na ni kweli aliwalipia, tena kwa siri. Nilipofika kwenye tabia nikakwama usiku kucha. Sentensi ya Ambrosi ilikuwa kichwani. Huenda ingemfaa mzee wetu kabisa. Huenda njiani pale, na majani yale ya ng'ombe, alikuwa anangoja mtu wa kumkemea ili ampende. Sikuwahi kumjaribu. Nikaandika kwamba alikuwa mtu wa watu.

Tulipotoka makaburini, akina mama walikuwa nyuma ya nyumba wanaosha masufuria. Yule mjane alikuwa miongoni mwao, alikuwa amekuja tangu alfajiri kuchota maji. Alinifuata pale kwenye mgomba, ndoo mkononi. Pindo la kanga yake lilikuwa limeshonwa kwa mkono, vishono vidogo vidogo.

“Pole na msiba, Katibu,” akasema. “Umesoma vizuri.”

Nikamwambia, “Mama, ile cherehani.”

Akaweka ndoo chini.